Dola, enzi na siwa ya Mwinyi Mkuu

Watu ninaowatembeza Mji Mkongwe wana maswali ya aina mbili. Wazungu huuliza karafuu inauzwaje na mlango upi wa nakshi ndio mkongwe kuliko yote. Wabara na Wakenya huuliza mambo ya watu: nani mtoto wa nani, nani alimfukuza nani, na mali ile yote ilikwenda wapi. Hawa wa pili ndio wanaonichosha, na ndio ninaowapenda.

Mmoja wao, kijana wa chuo kikuu kutoka Nairobi, alinisimamisha pale Mizingani mbele ya kasri, nikiwa nusu njia kuwataja masultani mmoja baada ya mwengine. "Dada, hawa Busaidi si ni dainasti? Sasa Kiswahili chake ni kipi?"

Nikamjibu, "Ukoo wa kifalme." Akaandika kwenye simu yake. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa Tanga kwenye kundi, mtu mzima na kanga yake begani, hakuridhika. "Ukoo ni watu, mwanangu," akaniambia. "Yeye anauliza ile hali ya kutawala kwa kupokezana." Kisha akaniuliza choo kiko wapi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwangu mie hayakuisha. Na kwa yule kijana namuelewa kwa nini lilimkaa rohoni. Kwa Mkenya dainasti si neno la vitabuni. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 lilipigiwa kelele kwenye kila jukwaa: William Ruto, akiwa bado naibu wa rais, aliwagawa watu kuwa mahasla, yaani watu wa kujitafutia riziki, upande huu na madainasti upande ule, na kila mtu alijua anawakusudia watoto wa Jomo Kenyatta na Jaramogi Oginga Odinga. Baba mmoja rais wa kwanza, mwengine makamu wa rais wa kwanza. Mtoto mmoja rais wa nne, mwengine waziri mkuu. Neno likaingia Kiswahili cha mitaani vilevile lilivyo, hata koti halikuvua.

Basi nikalitafuta lilikotoka. Ni la Wagiriki, na limejengwa juu ya kitenzi chao cha "kuweza". Mwenye kuweza ndiye dunastes, na hali yake ya kuweza ndiyo dunasteia. Shina hilohilo ndilo lililotupa dainamo ya baiskeli, na baruti kali ambayo Alfred Nobel aliipa jina la dainamaiti mwaka 1867. Mumo ndani hamna baba wala mtoto wala mjukuu. Mna nguvu tu.

Damu iliingia baadaye, na namna ilivyoingia ndiyo iliyonifurahisha. Aristotle, yule mwanafalsafa wao, alipokuwa akizipanga zile serikali za wachache, aliziweka daraja nne, na ya nne, iliyo mbovu kuliko zote, ni ile ambayo mtoto hushika pahala pa baba yake na wanaoamrisha ni watu, si sheria. Hiyo ndiyo aliyoiita dunasteia. Kwa hiyo lilikuwa neno la kulaumu. Ruto alipolipigia kelele jukwaani alikuwa, pengine bila kujua, amelirejesha kwao.

Kilicholisafisha ni Misri. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo, chini ya utawala wa Waptolemayo, wafalme wenye asili ya Kigiriki, kuhani mmoja wa Kimisri aitwaye Manetho aliandika kwa Kigiriki historia ya mafirauni, akawapanga mafungu 30, kila fungu akaliita dunasteia. Maandishi yenyewe yamepotea, tumebakiwa na vipande walivyovinukuu waliokuja nyuma yake. Kwenye kimoja cha vipande hivyo fungu la saba lina wafalme 70 waliotawala siku 70. Hebu fikiri! Kila siku mazishi na kila siku kutawazwa, wapishi wa kasri hawakupumzika. Wataalamu wa leo wanaichukua hesabu hiyo kama njia ya kusema kwamba nchi ilichafuka. Na mafungu ya Manetho hayakuwa kila mara ya damu moja, maana mara nyengine aliangalia mji waliotoka wafalme. Lakini tangu hapo, anayetaka kuzigawa zama za nchi kwa majumba ya watawala hutumia neno hilo.

Sasa turudi kwetu. Mama wa Tanga alikuwa na haki. Kiswahili kina maneno chungu nzima jirani na jambo hili, na kila moja lina upungufu wake.

Nasaba watu wengi hulipenda, na ndilo ninaloliona zaidi kwenye tafsiri. Mie silitaki. Nasaba kila mtu anayo. Muuza pweza wa Forodhani ana nasaba, na akienda kuposa ataulizwa nasaba yake kabla ya kuulizwa kipato. Ni mnyororo wa nani kamzaa nani, haukwambii kama kati yao kuna aliyewahi kuamrisha hata punda. Ukisema nasaba ya kifalme umeshaongeza neno la pili kuja kuubeba mzigo ambao la kwanza halikuuweza.

Himaya nalo limechepuka. Kwa Kiarabu ni kukinga, kulinda. Mwaka 1890 Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Waingereza neno lilikuwa na maana yake hiyo: mmekingwa. Leo tunasema himaya ya Roma tukikusudia milki kubwa yenye kuteka nchi za watu. Mimi hilo silioni kama kosa la Kiswahili, naliona kama kumbukumbu nzuri ya namna tulivyokingwa.

Enzi ndilo linalokaribia. Asili yake ni ile izza ya Kiarabu, utukufu na nguvu, na ndilo lililomo ndani ya Mwenyezi Mungu: Mwenye ezi. Kwenye nyumba za zamani za pwani, Lamu na hapa Unguja, kulikuwa na kiti chenye jina hilo, kiti cha enzi. Si kiti cha dhahabu cha kwenye hadithi. Ni kiti cha mti mweusi, mgongo umesimama wima kama mlango, kimetiwa vipande vya pembe kwa nakshi, pa kukalia na mgongoni pamefumwa kwa uzi, na mbele pana kibao cha kuwekea miguu ili mkubwa asikanyage chini. Ukikikalia hupati raha. Hakikutengenezwa kwa raha, kimetengenezwa ili aliyeingia akuone umekaa juu na yeye kasimama.

Basi hiyo enzi, nguvu ya aliyekaa kitini, ndiyo iliyogeuka kuwa wakati. Watangazaji wa Kiswahili wa redio ya China husema Enzi ya Ming, Enzi ya Tang, na wasikilizaji huelewa bila taabu. Lakini vilevile tunasema enzi za ujana wangu, enzi za santuri, enzi za mashindano ya mpira ya shule. Neno limekuwa kubwa mno, limeenea hadi likakonda.

Sasa nije kwenye lile ambalo, nikiliangalia, naliona ndilo lenyewe, na tumelikalia miaka yote bila kujua: dola.

Chuoni, nikiwa mdogo, siku za Alhamisi tulisomeshwa tarekhe. Maalim wetu hakuwa na kitabu cha kutugawia, alikuwa na ubao na kipande cha chaki kilichofupika hadi kucha zake zikikwaruza ubao pamoja nacho, sote tukasisimka meno. Aliandika juu kabisa Makhalifa Waongofu, chini yake Dola ya Bani Umayya, chini yake Dola ya Bani Abbas, akavipigia mistari. Tukiimba. Hakuna mtoto hata mmoja aliyefikiri kwamba dola pale ni serikali yenye mihuri na wizara. Ilikuwa ni jumba la watu: Bani Umayya, Bani Abbas, na zamu yao.

Zamu nasema kwa makusudi. Mzizi wa neno hilo kwa Kiarabu ni kuzunguka, kitu kupita kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Kwenye Qur'ani lipo mara mbili kwa sura tofauti. Katika Suratul Hashr, aya ya 7, mali inayopatikana bila ya vita inagawiwa mafakiri na wasafiri "ili isiwe ni yenye kuzunguka baina ya matajiri wenu tu." Na katika Aal Imran, aya ya 140, Waislamu walipokuwa na majeraha ya Uhud, wakaambiwa kuhusu siku za kushinda na za kushindwa: *nudawiluha bayna n-nas*, tunazizungusha baina ya watu. Leo yako, kesho ya mwenzio.

Wafuasi wa Bani Abbas walipowaangusha Bani Umayya mwaka 750, na mashairi na hotuba zao zikawa zinataja dola yetu, walikuwa wanasema zamu yetu imefika, gurudumu limegeuka upande wetu. Ilikuwa tangazo la ushindi. Shida ni kwamba waliposhika hawakutoka. Walikaa Baghdad hadi Wamongolia walipoingia mwaka 1258, karne tano na zaidi, na neno la zamu likaganda juu yao. Dola ikawa ni wao wenyewe, jumba lao. Baadaye hata wale waliowapokonya nguvu wakawaacha na jina tu walijipamba kwa neno hilohilo: mtu wa ukoo wa Buwayhi aliyeingia Baghdad mwaka 945 alipewa lakabu ya Muizz al-Dawla, mwenye kuitukuza dola, hali dola yenyewe alikuwa ameshaitia mfukoni. Halafu, polepole, jumba la watawala likawa chombo wanachotawalia, na dawla ikawa nchi na serikali, kama inavyotumika leo kwenye magazeti ya Kiarabu.

Kiswahili kimeipokea ile ya mwisho. Sisi tukisema dola tunaona bunduki. Vyombo vya dola ni polisi, jeshi na usalama. Mkono wa dola ni mrefu. Hakuna anayesikia ndani yake ule mzunguko, na mimi nasema hapo tumepunjwa, maana katika maneno yote ya kuwaita watu wanaotawala kwa kurithishana, hilo ndilo pekee ninalolijua lenye kuwakumbusha ndani ya jina lao kwamba wataondoka.

Ibn Khaldun, yule mwanahistoria wa Kiarabu, alilijua vizuri. Katika Muqaddima yake dola ni jumba linalotawala, na lina umri kama mtu. Kizazi cha kwanza kina ukali wa jangwani na kushikamana, cha pili kimezoea kasri na kivuli, cha tatu kimesahau kabisa walivyokuwa wazee wao. Kila kizazi miaka 40, jumla 120, na kwa kawaida dola haivuki hapo. Alizaliwa Tunis mwaka 1332, mwaka mmoja tu baada ya msafiri Ibn Battuta kupita Kilwa na kumkuta sultani Hassan bin Suleiman wa ukoo wa Mahdali, ambao nao walishika baada ya Washirazi kupisha. Pwani yetu ingempa mifano ya kutosha. Mombasa ilikuwa na Mazrui, waliotumwa na Oman kuwa maliwali, kisha Oman ilipobadilisha mikono wakakataa kumtii mpya, wakajitawalia wenyewe ndani ya Ngome ya Yesu hadi mwaka 1837, Seyyid Said alipowakamata wakubwa wao akawasafirisha Bandar Abbas. Karibu miaka mia moja.

Na Busaidi wenyewe? Ukihesabu kutoka 1840, mwaka ambao vitabu vingi hutaja Seyyid Said kuhamishia baraza lake Unguja, hadi Januari 1964, unapata miaka 124. Siku niliyoipiga hesabu hiyo niliifurahia sana, nikawa nawatolea wageni kama karata ya turufu. Vizazi lakini havikubali. Jamshid, wa mwisho, alikuwa mwana wa Abdullah, mwana wa Khalifa, mwana wa Harub, mwana wa Thuwaini, mwana wa Said. Hao ni sita. Na kule Muscat hesabu inavunjika kabisa, maana Busaidi walishika Oman katikati ya karne ya 18 na hadi leo wako.

Kuna jambo la Busaidi ambalo wageni hawalijui, na kwangu ndilo linalofanya suali la yule kijana kuwa zito. Hawa walitoka kwenye madhehebu ya Ibadhi, na kwa Ibadhi mtawala ni imamu, na imamu huchaguliwa na wanavyuoni kwa elimu na uchamungu wake. Harithi. Watu wakikosa anayefaa, kiti kinaweza kukaa kitupu. Kwa hiyo ukoo unaotawala, kwa sheria yao, ulikuwa ni kitu kisichokuwa na haki ya kuwapo. Yaaruba, ukoo uliotawala Oman kabla yao, walipoanza kurithishana uimamu, nchi iliingia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ahmed bin Said, babu wa Busaidi, alichaguliwa imamu. Mwanawe Said, si yule Seyyid Said wa Unguja, naye akachaguliwa. Mjukuu, Hamad, aliposhika nguvu Muscat hakusubiri kuchaguliwa, na jina la imamu hakulichukua. Akajiita Seyyid tu. Bwana. Likawa ndilo jina la jumba zima: Seyyid Said, Seyyid Majid, Seyyid Barghash. Usultani walipewa zaidi na Wazungu waliotaka mtu wa kuwekeana naye mikataba. Mtu akitaka kurithisha asichoruhusiwa kurithisha, hubadilisha jina la kitu.

Kurithisha kwenyewe kulikuwa fujo. Seyyid Said alifia baharini Oktoba 1856, akiwa njiani kurudi Unguja. Aliacha watoto wengi na hakuna kanuni. Thuwaini alikuwa Muscat, Majid alikuwa Unguja, na Barghash alikuwa mbioni. Ndugu wakataka kupigana kwa majahazi. Waingereza wakaingia kati, na mwaka 1861 Lord Canning, aliyekuwa akitawala India kwa niaba yao, akakata: Unguja ya Majid, Muscat ya Thuwaini, na kwa vile Unguja ndiyo tajiri, iwe inailipa Muscat 40,000 kila mwaka. Fedha zilizohesabiwa zilikuwa zile sarafu kubwa za Austria zenye kichwa cha malkia Maria Theresa na mwaka 1780, mwaka ambao uliendelea kupigwa juu yake hata zilizotengenezwa miaka mia baadaye. Pwani tukiziita reale. Kwao zikiitwa thaler, kwa jina la bonde la Joachimsthal lenye machimbo ya fedha kule Bohemia, na kutoka kwa thaler ndipo Waingereza na Wamarekani walipopata neno lao, na sisi tukalichukua kwao tukasema dola.

Kwa hiyo dola ya Busaidi iligawanywa kwa dola. Maneno mawili hayana hata chembe ya udugu, moja la Makureshi na moja la wachimba migodi, yakaja kukutana kwenye ulimi mmoja. Thuwaini fedha hazikumfaa sana, mwaka 1866 aliuliwa na mwanawe mwenyewe, Salim, kule Suhar.

Ya 1896 kila mtu anayajua, nami huyapitisha haraka. Seyyid Hamad bin Thuwaini kafariki, Khalid bin Barghash kaingia kasri bila ruhusa ya Waingereza, saa tatu asubuhi ya tarehe 27 Agosti mizinga ikaanza, na saa nne haikufika mambo yakawa yamekwisha. Wageni hucheka kwamba ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani. Mie sicheki, walikufa watu mamia. Waingereza wakamweka Hamoud. Kuanzia hapo zamu ilikuwa inagawiwa na mwengine.

Muscat wao waliendelea bila kanuni hadi juzi. Sultani Qaboos hakuwa na mtoto, na alipofariki Januari 2020 aliacha bahasha iliyofungwa. Jamaa walipewa na sheria siku tatu za kukubaliana nani ashike. Hawakuzitumia, waliomba bahasha ifunguliwe, nayo ikafunguliwa mbele ya kamera za televisheni. Ndani kulikuwa na jina la binamu yake, Haitham bin Tariq. Mwaka uliofuata Haitham akatoa sheria ya kwamba mrithi ni mtoto mkubwa wa kiume, na kwa mara ya kwanza Oman ikapata mrithi rasmi wa kiti. Karne mbili na zaidi za kutawala, ndiyo wakakiri kwa maandishi kwamba wanarithishana.

Kabla ya Busaidi, na hata pamoja nao, Unguja ilikuwa na jumba jengine. Ukitoka mjini kwenda Chwaka utapita Dunga, na pale pana magofu ya kasri la Mwinyi Mkuu, yaani mtawala wa wenyeji, Muhammad bin Ahmed, aliyelijenga kati ya 1846 na 1856, wakati Seyyid Said ameshakaa mjini. Wakaazi wa mashamba walikuwa chini ya Mwinyi Mkuu, na Mwinyi Mkuu alikuwa na maelewano yake na Seyyid. Alifariki 1865. Mwanawe Ahmed akafariki 1873, na zamu yao ikaishia hapo.

Hawa hawakuwa na taji. Walikuwa na ngoma na siwa, zilizohifadhiwa makumbusho ya hapa. Siwa ni baragumu kubwa, ya Dunga ni ya mti, imechongwa nakshi, na hupulizwa kwa tundu la ubavuni, si kwa nchani. Nchi nzima ya Waswahili ilikuwa hivyo: Pate walikuwa na yao ya pembe, ndefu kuliko mtu, zaidi ya mita mbili, na Lamu ya shaba, zote mbili ziko makumbusho ya Lamu. Aliyekuwa na haki ya kupigiwa siwa ndiye mwenye mji. Kwa ngoma za Dunga, wazee husimulia kwamba zikilia zenyewe ikija hatari. Na kwa habari za Pate, simulizi lao lasema kwamba Mnabahani wa kwanza, wa ukoo uliokuja kuitawala Pate, aliyetoka Oman hakuja na jeshi, alimuoa binti wa mfalme wa Kipate, na ufalme ukaingia nyumbani kwake kupitia kwa mkewe. Ndiyo maana neno "baba kwa mtoto" la Aristotle halitoshi kwetu. Pwani, mara nyingi mlango wa enzi ulikuwa mwanamke.

Majina yao yako wapi leo? Yako kila mahali. Masheha waliokuwa chini ya Mwinyi Mkuu wametuachia sheha, ambaye sasa ni mtumishi wa serikali, na bila saini yake hupati kitambulisho wala barua ya kuzikia. Jumbe ilikuwa lakabu ya wakuu wa miji, na Mwinyi ndiyo hiyo. Tulipompata rais wa pili wa Zanzibar baada ya Mapinduzi jina lake kamili lilikuwa Aboud Jumbe Mwinyi. Aliyemfuata, Ali Hassan Mwinyi, akenda kuwa rais wa Muungano, na mwanawe Hussein ndiye aliyeingia Ikulu ya Zanzibar mwaka 2020. Kabla yake Amani Karume alishika mwaka 2000 kiti alichokalia baba yake, Abeid, hadi 1972. Watoto hao wawili, Hussein na Amani, walipita kwenye kura. Mie nataja tu, kwa kuwa yule kijana wa Nairobi aliniuliza kwa sauti ya chini kama na sisi tuna madainasti, nami nikamwambia tuvuke barabara kwanza, gari zinakuja.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuhitaji neno lolote kati ya haya. Alisema "wakati wa Seyyid Khalifa", basi. Khalifa bin Harub alikaa kitini kutoka 1911 hadi 1960, kwa hiyo karibu kila kilichomtokea bibi kilitokea wakati wa Seyyid Khalifa: kuolewa, bei ya mchele, kifo cha mwanawe wa kwanza. Nikimuuliza nani alikuwa kabla, alisema "Waarabu haohao." Jumba hakuliona, aliona mtu na wakati wake.

Sasa sisi watembezaji, kikundi chetu, tunataka kuchapisha kipeperushi cha Kiswahili, maana cha lugha za wageni tunavyo vya kutosha. Ukurasa wa kasri nimepewa mimi. Nikaandika juu: Dola ya Busaidi. Mwenzangu wa kwanza akauliza kama ni habari za polisi wa zamani. Wa pili akadhani ni bei ya kiingilio. Nikawaeleza habari ya Bani Abbas na gurudumu, wakanisikiliza kwa adabu, kisha tukapiga kura nikashindwa. Kitachapishwa hivi: Ukoo wa Busaidi na enzi zao Unguja. Chini yake, kwa herufi ndogo, wameniachia mstari mmoja wa dola, kwa sharti nisitie Kigiriki.